Orodha ya watu tunayo, orodha ya kazi iko wapi?

Kila baada ya muda nasikia tangazo lilelile. Waziri au balozi anasimama mbele ya watu ukumbini, anasema serikali inaandaa kanzidata ya wataalamu wake walioko nje, tujiandikishe wote, linki hii hapa, watu wanapiga makofi, picha zinapigwa, basi. Mi nimeshajaza fomu za namna hiyo na jamaa zangu wa nchi zingine wamejaza za kwao, na ukituuliza kilichorudi baada ya kujaza majibu yanafanana mpaka unashangaa, tangazo la viwanja, tangazo la hati fungani, mwaliko wa sherehe ya uhuru, webina ya fursa za uwekezaji. Ujumbe wa kusema tumeona unajua kitu fulani, tuna kazi hii, una nafasi lini, huo sijawahi kuupata. Na inaniuma kweli, manake kazi zipo tena za kumwaga na watu wa kuzifanya wapo, ni hapo katikati ndo pamekatika.

Msimamo wangu nausema mapema kabisa. Serikali nyingi zikisema zinatafuta ujuzi wa diaspora zinaanza kwa kuorodhesha watu, wakati orodha ya kwanza inatakiwa iwe ya kazi, kazi yenye jina, yenye mahali, yenye msimamizi na yenye fungu lake la hela. Ukiwa na hiyo, kumpata mtu sio kazi ngumu kama tunavyoaminishwa. Ukiwa huna, hata ukiandikisha watu laki tano ni majina tu yamelala kwenye seva. Bomba likipasuka nyumbani huanzi kwa kukusanya majina ya mafundi wote wa mji, unaangalia kwanza panapovuja.

Lakini kwanza tuelewe kwa nini imekuwa hivi, na jibu kubwa ni hela. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2023 nchi za kipato cha chini na cha kati zilipokea kama dola bilioni 656 kutoka kwa watu wao walioko nje. Kenya peke yake mwaka 2024 ilipokea karibu dola bilioni 4.9, na benki kuu yao inatoa takwimu kila mwezi, mwezi huu zimepanda, mwezi huu zimeshuka, waandishi wanaandika, waziri anapata cha kusema bungeni. Hela inapita kwenye benki na kwenye simu kwa hiyo inaacha alama. Ujuzi hauachi alama ya namna hiyo, nesi akimfundisha mwenzake kwa njia ya video namna ya kumhudumia mgonjwa wa figo hakuna benki kuu inayoandika. Ndo mana ofisi nyingi za diaspora ukizichungulia kwa ndani zimejengwa kufuata hela, zina afisa uwekezaji, zina makubaliano na mabenki, zina maonyesho ya nyumba, ila ukiuliza nani kazi yake ni kutafuta daktari wa kwenda hospitali fulani mwezi ujao watu wanaangaliana.

Sisemi hela ni mbaya, hela inasomesha watoto na inajenga. Nasema tu mtu anayetuma dola mia mbili kwa mwezi anaweza kuwa na kitu kichwani chenye faida kubwa kuliko hizo dola, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa kuhusu kupima ujuzi wenyewe. Kuna dhana kwamba bila fomu serikali haiwezi kujua watu wake wako wapi na wanafanya nini. Hiyo sio kweli hata kidogo. Njia ya kwanza, nchi tunazoishi zenyewe zinatuhesabu kila siku. Sensa nyingi za nchi tajiri zinauliza umezaliwa nchi gani, umesoma mpaka wapi, unafanya kazi gani. Shirika la OECD, ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, lilizikusanya sensa hizo za nchi wanachama kuanzia zile za mwaka 2000 hivi, wakatengeneza kanzidata inaitwa DIOC, na ukiifungua unaona watu waliozaliwa nchi fulani wako wangapi nchi fulani, rika zao, elimu zao, kazi zao. Uingereza baraza linalosajili madaktari na lile linalosajili manesi na wakunga yote mawili yanatoa hadharani idadi ya waliosajiliwa kwa kufuata nchi waliyosomea. Yani wizara ya afya ya nchi yoyote ile inaweza kukaa ofisini kwake leo mchana ikajua ina manesi wangapi waliosomeshwa kwake na sasa wamesajiliwa Uingereza, bila kumjazisha fomu mtu hata mmoja, bila kongamano, bila posho.

Haikupi majina, ni kweli. Ila majina sio kitu cha kwanza unachohitaji. Cha kwanza ni kujua kama ujuzi unaoutafuta upo kwa watu wako na uko wapi kwa wingi, alafu ndo unaamua upeleke tangazo lako mji gani na chama gani cha wataalamu.

Hizo sensa zina mashimo yake na ni vizuri kuyajua. Zinaangalia mahali pa kuzaliwa, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Toronto na wazazi waliohamia, anayeongea lugha ya nyumbani na anayetamani kwenda kusaidia, kwenye hesabu hiyo ni Mkanada tu. Mkimbizi aliyezaliwa kambini nchi jirani anahesabiwa kwa nchi ya kambi. Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Morris Chang. Huyu bwana alizaliwa China mwaka 1931, akakaa Marekani, akafanya kazi kampuni ya Texas Instruments miaka 25, na mwaka 1985 serikali ya Taiwan ikamwita aongoze taasisi yao ya utafiti wa viwanda, mwaka 1987 akaanzisha kampuni ya chipu ya TSMC huku serikali ikiwa imeweka karibu nusu ya mtaji. Leo chipu za simu na kompyuta za dunia nzima zinategemea kiwanda hicho. Sasa mtu huyo usingempata kwenye orodha ya "waliozaliwa Taiwan" hata ungetafuta vipi, hakuzaliwa huko na hakuwahi hata kuishi huko kabla ya kuitwa. Walimpata kwa sababu walijua wanataka kujenga nini na wakawa wanafuatilia nani duniani anaijua hiyo kazi.

Njia ya pili ni daftari la serikali yenyewe. Italia wana sheria tangu 1988, raia akienda kuishi nje zaidi ya miezi 12 anatakiwa ajiandikishe kwenye daftari lao la AIRE, na watu wanajiandikisha kwa sababu kura na huduma za ubalozi zinapitia humo. Ufilipino wao wanakukamata mlangoni, tangu 1980 wana tume ya Wafilipino walioko ng'ambo, na anayehama moja kwa moja anajiandikisha na kuhudhuria semina kabla hajapanda ndege, kwa hiyo elimu yake na kazi yake vinaandikwa wakati anaondoka. Ni mpango mzuri sana kwa kuhesabu. Ila unakwambia mtu alikuwa nani siku ya kuondoka, haukwambii amekuwa nani. Aliyetoka akiwa mwalimu wa hesabu leo anaweza kuwa anaendesha kreni bandarini, na aliyetoka akiwa mhudumu wa hoteli leo anaandika programu za benki.

Njia ya tatu ndo hii ya kujiandikisha mwenyewe mtandaoni, na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Mi kazi yangu ni fundi wa vifaa tiba. Natengeneza na kukagua mashine za hospitali, inkubeta za watoto njiti, mashine za kusaidia kupumua, altrasaundi, vitu kama hivo. Fomu niliyojaza ilikuwa na jina, namba ya pasi, mji, kiwango cha elimu, alafu sehemu ya taaluma unabonyeza unachagua kwenye orodha, afya, uhandisi, elimu, fedha, sheria, tehama, kilimo, nyingine. Nikichagua afya nahesabiwa na madaktari, nikichagua uhandisi nakaa na wajenzi wa barabara, nikichagua nyingine nimepotea. Hakuna pa kuandika mashine gani nazijua, za kampuni zipi, kama nina mafunzo ya mtengenezaji, leseni yangu inaisha lini. Hakuna pa kuandika naweza kutoa masaa mangapi kwa wiki, nikiwa hukuhuku au nikija. Ila kulikuwa na sehemu nzima, ukurasa wa pili wote, unaouliza ningependa kuwekeza kwenye sekta gani na kiasi gani.

Sasa tuseme hospitali ya mkoa mahali fulani ina mashine ya oksijeni inapiga alamu. Hizi mashine zinavuta hewa ya kawaida, ambayo ina oksijeni asilimia 21 tu, inaipitisha kwenye punje za zeolaiti zinazokamata naitrojeni, inatoa oksijeni kama asilimia 93. Ikishuka chini ya asilimia 82 haifai tena kwa mgonjwa na taa inawaka. Mara nyingi shida ni ndogo, filta ya kuingiza hewa imejaa vumbi, au mpira umelegea unavujisha. Saa nyingine ni kubwa, unyevu umeingia kwenye zeolaiti na hapo inabidi ubadilishe silinda zake. Kujua ni ipi kati ya hizo unahitaji mtu aliyeziona nyingi, na mtu huyo anaweza kuwa bara lingine. Nimeshafanya hiyo kazi kwa simu, rafiki wa rafiki yuko wodini ameshika simu ya video, namwambia fungua kifuniko cha nyuma, toa hiyo sponji, ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke kabisa usiirudishe mbichi, sasa washa, subiri dakika chache, weka kipimo, unasoma ngapi? Wakati anasoma namba nilikuwa natetemeka kama mtu anayesubiri majibu yake mwenyewe. Ikapanda. Ile mashine ilikuwa imewekwa pembeni kwa muda mrefu na karatasi imebandikwa MBOVU.

Hakuna wizara iliyohusika hapo. Hakuna kanzidata. Ni undugu na namba ya simu. Na najua mafundi wenzangu, Wahindi, Waghana, Wafilipino, Wasomali, kila mmoja ana hadithi ya namna hii, yani ujuzi unatumika tayari, ila unatumika kwa bahati, hospitali yenye nesi mwenye binamu Birmingham inapata, isiyokuwa naye haipati. Hiyo ndo kazi ya serikali ninayoiona mimi, kuondoa bahati hapo katikati.

Kuna jambo lingine fomu haiwezi kuliona. Watu wengi sana nje wanafanya kazi zilizo chini ya elimu yao, mfamasia anapanga bidhaa, mwanasheria analea wazee. Fomu inaandika digrii ya famasia na serikali inahesabu mfamasia mmoja, wakati huyo mtu hajagusa dawa miaka kumi na anajua hivo mwenyewe. Lakini huyohuyo mlezi wa wazee ana ujuzi mpya ambao kwao unaweza kuwa haupo kabisa, anajua kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, anajua kumhudumia mtu mwenye ugonjwa wa kusahau. Nani anamhesabu kwa hilo? Hakuna, na yeye mwenyewe analiona halifai kuandikwa, anaandika famasia. Kwa hiyo mtu ukimuuliza ulisomea nini unapata historia yake. Muulize miaka mitatu iliyopita umefanya nini kwa mikono yako.

Sasa nije kwenye mipango iliyofaulu na iliyopoa, manake haya mambo sio mapya. Korea Kusini mwaka 1966 walianzisha taasisi ya utafiti ya KIST, wakati huo nchi ni maskini na wanasayansi wao wako Marekani. Kabla ya kuita watu walipita viwandani kuuliza mnahitaji nini, alafu ndo wakaenda kuajiri mmojammoja, wakawapa nyumba na mishahara mikubwa kuliko ya maprofesa wa vyuo vya ndani, na uhuru wa kufanya utafiti. Kulikuwa na manung'uniko, bila shaka, lakini mtu aliporudi alikuta maabara na kazi inamsubiri.

Kwa upande mwingine, Kolombia walianzisha mtandao wa Red Caldas mwaka 1991 kuwaunganisha watafiti wao walioko nje, na ilisifiwa sana duniani kama mfano wa kwanza wa kutumia ujuzi bila kulazimisha watu warudi. Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaanzisha mtandao wao, SANSA. Zote mbili zilianza kwa moto, watu walijiandikisha kwa hamu, nchi nyingi, alafu baada ya miaka michache zikapoa. Ukisoma zilivyokwenda unaona kitu kilekile, watu waliandika majina wakasubiri, upande wa nyumbani hakukuwa na mtu wa kudumu wa kuchukua swali la chuo au kiwanda na kulipeleka kwa aliye nje. Mtandao bila mtu wa kuulisha maswali unakufa, hata wanachama wake wawe na moyo namna gani.

Linganisha na GlobalScot ya Skoti, iliyoanza 2001. Hawakuita kila Mskoti duniani. Ilianza kwa mwaliko, watu mia kadhaa tu wenye vyeo na uzoefu, na kazi yao ni moja, kampuni ya Skoti ikitaka kuingia soko fulani inaunganishwa na mtu aliye kwenye soko hilo. Kuna wafanyakazi wa shirika la maendeleo la serikali ambao kazi yao ya mshahara ni kuunganisha. Ni ndogo, na imedumu.

Na upo mpango mmoja wa vyuo vikuu ambao naupenda sana ulivyopangwa, wa mfuko wa Carnegie wa Marekani, ulioanza 2013. Msomi aliyezaliwa Afrika anayefundisha Marekani au Kanada alikuwa anakwenda chuo cha Afrika kwa siku 14 mpaka 90. Zilianza nchi sita, Ghana, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Siri yake ni kwamba chuo cha Afrika ndo kinaandika maombi ya mradi, tunataka mtu wa kutusaidia kutengeneza mtaala huu, au kusimamia wanafunzi hawa wa uzamivu, alafu ndo anatafutwa msomi anayefaa. Ona mpangilio ulivyo, kazi kwanza, mtu baadaye. Huu haukuwa wa serikali, ulilipiwa na mfuko binafsi, na sioni sababu ya serikali kushindwa kuuiga.

Mashirika ya kimataifa nayo yamejifunza polepole. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walianza mpango wa TOKTEN nchini Uturuki mwaka 1977, wataalamu walioko nje wanakwenda nyumbani kwa wiki au miezi michache, wanalipiwa nauli na matumizi, sio mshahara. IOM, shirika la uhamiaji, kuanzia 1983 mpaka 1999 walikuwa na mpango wa kuwarudisha Waafrika wenye ujuzi moja kwa moja, wakarudi zaidi ya 2,000, ambayo kwa bara zima na kwa miaka 16 ni wachache sana. Mwaka 2001 wakabadilika wakaja na mpango wa MIDA, mtu anakwenda na kurudi, au anasaidia akiwa mbali. Tawi lake la Finland na Wasomali, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, lilipeleka madaktari, manesi na watu wa maabara wenye asili ya Somalia kufanya kazi kwenye hospitali za Hargeisa na kwingineko, wakiwa na lugha, wakiwa na ndugu pale, na kazi zao Finland zinawasubiri. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu mwenye mkopo wa nyumba na watoto shuleni hawezi kuacha kazi aje miezi sita kwa uzalendo, ila mwajiri wake akikubali kumpa likizo bila kupoteza nafasi atakuja. Sijui ni balozi ngapi zimewahi kwenda kuongea na hospitali zinazoajiri raia wao.

Armenia wamekwenda mbali zaidi, tangu 2020 wana mpango wa iGorts, mtu mwenye asili ya Armenia, popote alipozaliwa, anaomba na akichaguliwa anakaa mwaka mzima ndani ya ofisi ya serikali, ana meza na ana majukumu. Lithuania walikuwa na kitu cha namna hiyo tangu 2012 kwa vijana waliosoma au kufanya kazi nje. Malaysia na Ureno wametumia kodi, Malaysia anayerudi analipa asilimia 15 tu kwa miaka mitano, Ureno tangu 2019 nusu ya kipato haikatwi kodi kwa miaka mitano pia. Kodi inavuta watu, sawa, lakini inavuta wanaotaka kurudi jumla, na hao ni wachache. Wengi wetu tuko hapa katikati, haturudi kesho na hatujaondoka kabisa.

Sasa nigusie upande ambao sisi wa nje hatupendi kuuongelea. Walioko nyumbani. Fundi aliyebaki, anayelipwa kidogo, anayetengeneza mashine bila spea kwa miaka yote hiyo, alafu siku moja anatua mgeni na begi zuri, analipwa kwa siku moja anacholipwa yeye kwa mwezi, anaongea kana kwamba kila kitu kimekosewa. Ningekuwa yeye ningekasirika pia. Mipango mingi imekufia hapo, sio kwamba wataalamu hawakuja, walikuja wakafanya kazi yao peke yao wakaondoka, na mwenyeji hakuachiwa kitu. Kila kazi inayopelekwa kwa mtu wa nje iwe na mwenyeji mmoja mwenye jina, anayesimama naye kuanzia asubuhi mpaka jioni, na naye alipwe posho hiyohiyo, na mashine ikiharibika tena baadaye ni yeye anapigiwa kwanza. Pia tukubali kwamba yeye anajua vitu ambavyo mi sivijui, umeme wa pale unavyoruka, vumbi la pale, duka gani lina mpira unaofanana na ule wa mtengenezaji.

Alafu leseni. Daktari bingwa anafika, baraza la madaktari linamwambia usajili wa muda unachukua miezi, amekuja kwa wiki tatu. Kwa nini jambo hilo halimalizwi kabla hajakata tiketi mi huwa sielewi kabisa.

Na mwisho uaminifu, ambao hakuna anayeuweka kwenye hotuba. Kuna watu hawatajaza fomu ya serikali yao hata uwape nini, kwa sababu waliondoka wakiikimbia serikali hiyohiyo. Eritrea inawatoza raia wake walioko nje asilimia 2 ya kipato, na mwaka 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 2023 liliitaka iache kuikusanya kwa vitisho na ulaghai. Mtu aliyepitia hayo, au aliyeyasikia kwa jirani, akiona fomu inauliza anwani ya nyumbani, mwajiri na kipato anafunga ukurasa. Wasio na vibali vya kuishi nao hawajazi. Kwa hiyo ile orodha inawapata walewale waliozoea kwenda ubalozini, alafu inatangazwa kwamba ndo diaspora yetu. Ungekuwa umeanza na kazi usingehitaji anwani ya mtu, unatangaza kazi hadharani kupitia chama cha mafundi au cha manesi na anayetaka anajitokeza kwa kiasi anachotaka ajulikane.

Uraia nao umo humohumo. Kenya waliruhusu uraia pacha kwenye katiba ya 2010, Ethiopia wana kadi ya njano kwa wenye asili yao tangu 2002, India wana kadi ya OCI tangu 2005, wengine bado mtu mzima akichukua pasi nyingine anakuwa mgeni kwao. Huwezi kumwambia mtu tunakuhitaji alafu uwanja wa ndege anapanga foleni ya viza ya utalii na anaulizwa kibali cha kazi kwa kwenda kufundisha bure.

Kama kuna afisa wa wizara yoyote anasoma hapa, pa kuanzia ni padogo na hapahitaji mfumo mpya wa mamilioni. Chukua hospitali tano, au vyuo vitano. Muulize kila mkuu wa idara vitu vitatu vilivyomkwama kwa kukosa mtu anayejua, sio kwa kukosa hela, kwa kukosa mtu. Andika kila kimoja kwa mistari minne, ni nini, kiko wapi, nani mwenyeji, kinahitaji mtu wa kuja au wa simu. Angalia takwimu za sensa na mabaraza uone watu wako wa fani hiyo wamejaa wapi, tuma kwa vyama vyao. Weka afisa mmoja anayelipwa kwa kazi hiyo tu, apimwe kwa kazi zilizokamilika, idadi ya waliojiandikisha asiiripoti hata kidogo. Mpe bajeti ya nauli chache na bando la intaneti. Na mpe simu ya ofisi na barua pepe ya ofisi zinazobaki palepale akihamishwa, manake tumeshaona afisa mzuri, anayepokea simu saa tano usiku kwa sababu ya tofauti ya masaa, anayejua nani anaweza nini, anahamishiwa idara nyingine na watu wake wote wanaondoka naye kwenye laini yake binafsi, anayekuja baada yake anaanza kwa kutusambazia fomu.